Ubao Mmoja kwa Michezo Elfu

Viwiko ndivyo vilivyodai mabadiliko. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT jimboni Massachusetts, vijana waliokuwa wakikesha na kompyuta ya PDP-1 walikuwa na mchezo mpya: vyombo viwili vya angani vinazungukana kwenye kioo cha duara, nyota iliyo katikati inavivuta, na kila mchezaji anajaribu kumlipua mwenzake kwa kombora. Mchezo huo uliitwa Spacewar!, na sehemu kubwa yake iliandikwa na Steve Russell. Kilichokosekana ni mahali pa kuweka mikono. PDP-1 haikuundwa ichezewe. Wachezaji walibanana mbele ya mtambo wakisukuma swichi ndogo zilizowekwa kwa ajili ya mafundi wa kupima mashine, na baada ya muda viwiko vikawauma. Kioo kilikaa upande, kwa hiyo mmoja aliona vizuri kuliko mwenzake. Na mwenye pupa, akikosa swichi ya kombora, aliweza kugonga ile ya kuanzishia mashine, vita vikakatika papo hapo.

Alan Kotok na Bob Saunders waliona imetosha. Walikuwa wanachama wa klabu ya treni ndogo za mfano ya chuo hicho, yenye chumba kilichojaa reli, waya na swichi za kila namna. Waliingia humo wakaokoteza vipande vya mbao, bakelaiti na swichi, wakatoka na visanduku vya kuchezea, kila mchezaji na chake. Kisanduku kilikuwa na swichi mbili na kitufe kimoja. Swichi ya kwanza ilikwenda kushoto na kulia, kukizungusha chombo. Ya pili ilikwenda mbele na nyuma: ukiivuta kwako injini inawaka, ukiisukuma mbele chombo kinatoweka na kuibukia mahali pengine pa anga. Kitufe kilikuwa cha kombora, nacho kilitengenezwa kisitoe sauti, ili mpinzani asijue ni lini umejaribu kufyatua.

Naona kisanduku kile kilishamaliza maswali yote ambayo wachonga paneli za vidhibiti wamekuwa wakijiuliza tangu hapo. Kidole kipi kifanye kazi ipi? Mwendo wa mkono ufanane vipi na mwendo wa kiooni? Mchezaji asikie nini, na aliye pembeni yake asisikie nini? Na lililo gumu kuliko yote: ni kitu gani kisiwekwe? Kotok na Saunders walikuwa na mchezo mmoja tu wa kuutafutia mikono, kwa hiyo majibu yalikuja upesi. Miaka thelathini na tano baadaye watu walianza kujenga mashine majumbani kwao wakitaka ubao mmoja utumikie michezo elfu, na hapo ndipo maswali yale yale yalipowatoa jasho.

Kabla ya kufika huko, michezo ilipita baa. Mwaka 1971 Nolan Bushnell na Ted Dabney, wakifanya kazi na kampuni ya Nutting Associates, walitoa Computer Space, mashine ya sarafu iliyotokana moja kwa moja na Spacewar!. Kabati lake lilifinyangwa kwa faibaglasi, likawa na mikunjo ya kupendeza hadi leo, na kwenye paneli palipangwa vitufe: geuka kushoto, geuka kulia, washa injini, fyatua. Karibu na Chuo Kikuu cha Stanford wanafunzi waliifurahia. Kwenye baa za kawaida watu waliitazama, wakabofya viwili vitatu, wakarudi kwenye vinywaji vyao. Bushnell alijifunza. Mwaka uliofuata kampuni yake mpya, Atari, ilitoa Pong, iliyoundwa na Allan Alcorn, na paneli yake ilikuwa na nobu mbili za kuzungusha, basi. Mtu angeweza kushika bia kwa mkono mmoja na kucheza kwa mwingine. Mashine ya majaribio iliwekwa kwenye baa ya Andy Capp's huko Sunnyvale, California. Siku si nyingi Alcorn akaitwa kwamba imeharibika, akaenda, akakuta kisanduku cha sarafu kimejaa hadi kimeziba.

Kati ya 1978 na 1982 paneli zilichanua kwa namna ambayo haijapata kurudi. Kila mchezo ulizaliwa na mikono yake. Space Invaders, aliyoibuni Tomohiro Nishikado wa Taito, ilisambazwa Marekani na Midway ikiwa na vitufe vitatu: kushoto, kulia, fyatua. Asteroids ya Atari, mwaka 1979, ilikuwa na vitano bila jostiki, yaani mpini wa kuongozea, yoyote. Mkono wa kushoto unageuza chombo, wa kulia unawasha injini na kufyatua, na kile cha kutorokea kimekaa peke yake katikati, mbali kidogo, ili usikiguse kwa bahati mbaya. Missile Command ya 1980 ilileta mpira wa kuviringisha uliozama nusu ndani ya ubao, na vitufe vitatu kwa ngome tatu za kurushia makombora. Tempest ya 1981 ilirudi kwenye nobu, lakini nobu inayozunguka bila kikomo, nzito kiasi cha kuendelea kuzunguka yenyewe ukiipa msukumo. Mwaka 1982 Tron iliwapa watu nobu mkono mmoja na mpini wa rubani wenye kitufe cha kidole cha shahada mkono mwingine.

Pac-Man ndiyo iliyokuwa na paneli tupu kuliko zote. Toru Iwatani wa Namco alitaka mchezo ambao mtu asiyewahi kugusa mashine angeuelewa papo hapo, na kwenye ubao kulikuwa na jostiki moja iliyosimama katikati. Hakuna kitufe cha kuchezea hata kimoja. Mwenye kutumia mkono wa kushoto na mwenye kutumia wa kulia walikuwa sawa mbele yake. Jostiki ile ilikwenda pande nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Msomaji alishike hilo, maana litaleta taabu kubwa huko mbele.

Upande wa pili kulikuwa na Defender ya Williams, kazi ya Eugene Jarvis, iliyoingia kwenye kumbi za michezo mwaka 1981. Jostiki yake ilikwenda juu na chini tu. Mengine yote yalikuwa vitufe vitano: kwenda mbele, kugeuka nyuma, kufyatua, bomu la kusafisha kioo chote, na kutoroka. Kugeuka kwa kitufe badala ya kusukuma jostiki upande unaotaka ni jambo linalopingana na mwili. Wageni wengi sarafu yao haikudumu dakika moja. Lakini waliovumilia walifika mahali ambapo vidole kumi vinazungumza bila kuomba ruhusa ya kichwa, na mpaka leo ukiwaondolea mpangilio ule watakuambia huo si Defender.

Jarvis huyo huyo aliumia mkono wa kulia katika ajali ya gari, ukafungwa plasta. Akirudi kwenye michezo hakuweza kubofya kitufe cha kufyatua, lakini kushika jostiki aliweza. Alikuwa amecheza sana Berzerk ya kampuni ya Stern, akiudhika kwamba ili kufyatua upande fulani ni lazima kwanza uelekee huko huko. Kutokana na plasta na udhia ikazaliwa Robotron: 2084, aliyoijenga na Larry DeMar na kuitoa 1982. Ubao wake una jostiki mbili na hauna kitufe cha risasi: ya kushoto unatembea, ya kulia unafyatua upande wowote kati ya nane, hata ukiwa unakimbia kinyume. Maadui wanakuja kutoka pande zote, na mikono miwili inafanya kazi mbili zisizohusiana. Ningeulizwa paneli ipi ni bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, ningetaja hii bila kusita. Haina cha kuongezwa wala cha kupunguzwa, na mchezo wenyewe haungekuwepo bila yake.

Nintendo nao, katika Donkey Kong ya 1981 iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto, waliweka jostiki kushoto na kitufe cha kuruka kulia. Mpangilio huo ndio uliozoeleka hadi leo, hata kwa mtu aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation vya Dar es Salaam au Nairobi na hajawahi kuona mashine ya sarafu: kidole gumba cha kushoto kinaongoza, mkono wa kulia unatenda.

Halafu yakaja mapigano. Capcom walipotoa Street Fighter mwaka 1987, kabati lake la fahari lilikuwa na pedi mbili kubwa za mpira kwa kila mchezaji, moja ya ngumi na moja ya teke, zikipima nguvu ya kipigo. Ukipiga kwa nguvu, mpiganaji wako naye anapiga kwa nguvu. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Ukumbini watu walizitwanga mpaka mikono ikawauma na pedi zikaharibika. Kampuni ikatoa toleo lingine lenye vitufe sita, safu ya juu ngumi, safu ya chini teke, kuanzia nyepesi hadi nzito. Mpangilio huo ndio uliobebwa na Street Fighter II mwaka 1991, na mchezo huo ulipoenea dunia nzima, vitufe sita vikaenea nao. Watengenezaji wa Mortal Kombat, mwaka mmoja baadaye, walikataa kufuata: vitufe vitano vilivyopangwa kama herufi X, cha kujikinga kikiwa katikati.

Wakati huo Japani ilikuwa imeshatatua jambo ambalo wajenzi wa nyumbani wangekuja kulihangaikia upya. Tangu 1985 kulikuwa na kanuni ya pamoja ya kuunganisha bodi za michezo na makabati, iliyoitwa JAMMA kwa jina la chama cha watengenezaji, yenye plagi ya pini 56. Mwenye ukumbi alichomoa bodi ya mchezo uliochosha, akachomeka mpya, kabati likabaki lile lile. Na pale mikono ilipotofautiana, kabati kama Astro City la Sega, la mwaka 1993, lilimruhusu afungue paneli yote na kuweka nyingine. Paneli ya jostiki moja, ya wachezaji wawili wenye vitufe vitatu, ya vitufe sita: kila moja ilikaa stoo ikisubiri zamu yake. Hakuna aliyefikiria kuziunganisha zote kwenye bati moja.

Tarehe 5 Februari 1997, Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo la kwanza la programu aliyoiita MAME. Kazi yake ni kuigeuza kompyuta ya kawaida iwe na tabia za mashine ya sarafu, kiasi kwamba programu asilia ya mchezo, ile iliyokuwa kwenye chipu za bodi, inaendesha bila kujua kwamba imehamishwa. Lengo lilikuwa kuhifadhi: mashine zilikuwa zikitupwa, chipu zikiharibika, na michezo mingine ilikuwa inaelekea kupotea kabisa. Programu za michezo zilibaki mali ya kampuni zake, na suala hilo la haki lina mgogoro wake hadi leo. Toleo la kwanza lilicheza michezo michache tu. Miaka michache baadaye ilikuwa maelfu.

Ghafla mtu aliyekulia kumbini, sasa mtu mzima mwenye kazi na gereji, alikuwa na Robotron, Pac-Man, Defender, Tempest na Street Fighter II ndani ya kompyuta moja. Alikuwa nayo yote isipokuwa mikono yake. MAME ilimpa kibodi: mishale ya kuongozea, Ctrl, Alt na kitufe cha nafasi vya kutendea, tarakimu 5 ya kuingiza sarafu, tarakimu 1 ya kuanza. Mchezaji wa pili alipewa R, F, D na G za kwendea, na A, S, Q na W za kutendea. Watu wawili wazima walibanana juu ya kibodi moja, kama wale wa MIT juu ya swichi zao. Hapo ndipo wengi walipochukua msumeno.

Njia ya kwanza ilikuwa kuchinja kibodi. Unafungua kibodi kuukuu, unatoa bodi ndogo ya saketi iliyo ndani, unachomea waya kwa risasi kwenye vituo vyake na kuzipeleka kwenye vitufe vya mashine. Kitufe kinapobonyezwa, kompyuta inadhani herufi imechapwa. Kazi ya mchana mmoja, na karibu bure. Lakini kibodi ina siri. Ndani yake herufi zimepangwa kwenye mistari ya ulalo na ya wima inayokatana, na bodi inatambua herufi kwa kuona mstari upi umegusana na upi. Ukibonyeza herufi tatu ambazo ni pembe tatu za mstatili, umeme unapita kwa njia ya kuzunguka na bodi inaiona pembe ya nne kana kwamba nayo imebonyezwa. Kibodi nyingi, kwa kujilinda, zinaikataa herufi ya ziada. Mchapaji wa barua hatagundua. Watu wawili wanaopigana, kila mmoja ameshika pembe ya jostiki na kitufe kimoja au viwili, watagundua mara moja: ngumi haitoki, au inatoka ya mwingine.

Kulikuwa na kero ndogo pia, ya kuchekesha kwa mtazamaji na ya kuudhi kwa anayecheza. MAME iliweka kitufe cha nne cha mchezaji wa kwanza kwenye Shift ya kushoto. Windows nayo ina msaada kwa watu wenye ugumu wa kutumia mikono: ukibofya Shift mara tano mfululizo, dirisha linajitokeza kuuliza kama unataka ibaki imeshikwa. Katikati ya raundi ya mwisho, mpiganaji anapiga teke la tano na kioo kinafunikwa na swali. Kila mjenzi wa enzi hizo anajua mahali pa kuuzima msaada huo.

Dawa ya matatizo ya saketi ilikuja kwa njia ya bodi maalumu. Ultimarc, kampuni ndogo ya Uingereza, ilitengeneza I-PAC, ambayo kwa kompyuta inaonekana ni kibodi, lakini kila kitufe kina kituo chake cha peke yake, hakuna mistari ya kukatana, na herufi zake zimepangwa tangu kiwandani kufuata MAME. Kuanzia hapo umeme haukuwa tena sababu ya kutokuweka kitu kwenye ubao. Ukitaka jostiki sita na vitufe arobaini, viweke.

Na watu waliviweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijengwa paneli pana kama meza ya kulia chakula: jostiki nne kwa ajili ya Gauntlet ya 1985 na Teenage Mutant Ninja Turtles ya 1989, vitufe sita au saba kwa kila mchezaji, mpira wa kuviringisha katikati, nobu pembeni yake, jostiki ya pande nne juu kabisa kwa ajili ya Pac-Man, na mpini wa rubani uliobanwa kwenye nafasi iliyobaki. Wajenzi wenyewe waliziita paneli za Frankenstein. Namwelewa kabisa aliyezijenga. Alikuwa anajaribu kurudisha ukumbi mzima, na kuacha kidhibiti kimoja kulikuwa ni kuuacha mchezo fulani nje ya mlango. Tatizo lilijitokeza siku ya kwanza mgeni aliposimama mbele yake na kuuliza: nashika wapi?

Lakini kuwachanganya wageni lilikuwa tatizo dogo. Kubwa lilikuwa kwamba vidhibiti vinadhuriana. Mpira wa kuviringisha unahitaji uwanja: katika Missile Command kiganja kinaufagia kwa nguvu na kupitiliza, na kama kuna jostiki sentimita chache mbele, vifundo vya vidole vitaigonga. Jostiki iliyowekwa juu ya ubao mpana inamlazimu mchezaji anyooshe mikono bila mahali pa kuegemeza kifundo, na baada ya robo saa bega linaanza kuuma. Kwenye paneli za watu wanne, wale wa pembeni husimama kwa mshazari, na wajenzi wengi kwa wema waligeuza jostiki zao ziwaelekee. Matokeo yake mchezaji akisukuma mbele, yeye anadhani ni juu, mhusika kiooni anakwenda mshazari. Macho yanaangalia kioo, hayaangalii kitovu. Jostiki inyooke na kioo, mtu ajipinde anavyotaka.

Na sasa Pac-Man. Jostiki ya mashine ina swichi nne chini yake, moja kwa kila upande. Ile ya pande nane inaruhusu mpini uingie kwenye pembe, ambako swichi mbili zinabonyezwa kwa pamoja, na bila pembe hizo Street Fighter II haichezeki. Ile ya pande nne ina bamba chini linalozuia pembe. Ukicheza Pac-Man kwa jostiki ya pande nane, mkono unaokimbilia kona unapitia kwenye mshazari kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mchezo unapokea juu na kushoto kwa pamoja, na haukuandikwa kwa ajili ya jambo hilo. Pac-Man anaipita njia aliyotakiwa kuingia, na mzimu uko nyuma yake. Katika Donkey Kong, Mario anaganda chini ya ngazi. Mchezaji anajilaumu kwamba mkono umezeeka, kumbe ni bamba tu. Q*bert ya 1982 ina dai lake lingine: inataka jostiki ya pande nne iliyofungwa kwa kugeuzwa nyuzi 45, maana mhusika anaruka kwa mshazari tu. Baadaye zilipatikana jostiki ambazo bamba lake linageuzwa kwa mkono, kisha UltraStik 360 ya Ultimarc, isiyo na swichi kabisa. Ina sumaku na kihisio, na programu inaiambia iwe ya pande nne au nane kulingana na mchezo unaofunguliwa. Ni ufumbuzi wa werevu mkubwa, ingawa mkono haudanganyiki: bamba halisi linakusimamisha, programu inapuuza tu.

Kufikia 2004, John St. Clair alipochapisha kitabu chake cha Project Arcade kinachomwelekeza mtu ajenge mashine mwanzo hadi mwisho, mbinu za kazi hii zilikuwa zimekomaa. Mjenzi makini haanzi na mbao. Anachukua boksi la katoni, anaweka kiganja juu yake akiwa amesimama kwa urefu ule ule wa kabati, anafumba macho, analegeza mkono, na kuchora mahali ncha za vidole zilipotua. Hazitui kwenye mstari ulionyooka. Kidole cha kati ni kirefu, cha shahada kiko nyuma kidogo, na ndiyo maana vitufe vya Kijapani vimepangwa kwa upinde, katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine takriban sentimita tatu na nusu. Kisha anatoboa katoni, anavichomeka vitufe humo humo, anaunganisha waya na kucheza wiki nzima juu ya boksi. Katoni inasahihishwa kwa kisu. Ubao hausahihishwi.

Swali linalofuata ni tundu. Vitufe vya Kimarekani, kama vya kampuni ya Happ, vinataka tundu la inchi moja na thumni, yaani milimita 28 na nusu hivi, na vina shimo la kati linalokaribisha ncha ya kidole. Vya Kijapani, vya Sanwa au Seimitsu, vinataka milimita 30, vina mgongo uliobenuka kidogo na vinashuka kwa mguso mwepesi sana. Tofauti ni kama milimita moja na nusu, na ukishatoboa pana hakuna kurudi. Vya Kijapani vilitengenezwa kwa ajili ya bati jembamba. Vile vya kubana kwa masikio havishiki kwenye mbao ya milimita 18, kwa hiyo unanunua vya kukaza kwa nati. Jostiki ya Sanwa nayo, ukiifunga chini ya mbao nene hivyo, mpini unatokeza mfupi, tufe lake linakaribia kugusa ubao. Fundi anageuza ubao, anachimba kitanda upande wa chini mpaka ibaki ngozi ya milimita chache, na jostiki inakaa humo. Hapo ndipo unapomtambua anayejua: juu huoni chochote, chini kuna kazi ya siku mbili.

Waya zina adabu zake. Kila kitufe kina waya mbili. Mmoja unakwenda peke yake kwenye kituo chake kwenye bodi. Mwingine ni wa athi, nao unaruka kutoka kitufe hadi kitufe kama shanga kwenye uzi. Ukilegea katikati, vitufe vyote vilivyo mbele yake vinakufa kwa pamoja, na mchezaji anadhani bodi imeungua. Mafundi wazuri wanairudisha ncha ya mwisho ya athi kwenye bodi, ili umeme uwe na njia ya pili. Juu ya ubao huwekwa picha iliyochapwa, na juu ya picha karatasi ngumu ya polikaboneti inayostahimili pete na jasho. Ukingo wa mbele unaviringishwa kwa randa au kufunikwa kwa mkanda wa plastiki, kwa sababu vifundo vya mikono vitalala hapo saa nyingi. Watu hulisahau hili. Ukingo mkali huacha alama nyekundu kwenye mkono kabla ya raundi ya kumi.

Wengi waliojenga Frankenstein walijenga mara ya pili, na ya pili ilikuwa ndogo. Jostiki mbili za pande nane, vitufe sita sita, labda mpira katikati kama ubao unaruhusu. Wengine waliifikia njia ya Wajapani: kabati moja, paneli tatu zenye lachi chini na plagi nyuma. Moja ya mapigano. Moja yenye mpira na nobu. Moja yenye jostiki ya pande nne peke yake. Nobu ikae na mpira, maana vyote vinaongea na kompyuta kama kipanya, na michezo yake haigombani. Jambo lililoamua kitu gani kikae na kipi halikuwa mwaka wa mchezo wala kampuni iliyoutoa. Ilikuwa ni kazi ya mkono.

Bei ya kuingia ilishuka mwaka 2012 ilipotoka Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja ya dola 35 inayoweza kufichwa ndani ya paneli yenyewe, na programu ya RetroPie ikaipa menyu ya kuchagulia michezo. Kabati likaacha kuwa la lazima. Mtu alijenga ubao tu, akauweka mezani na kuuunganisha na televisheni. Paneli ilikuwa imebaki peke yake, na hapakuwa na kioo cha zamani wala spika za kuficha ubovu wake.

Mwaka 2018 watengenezaji wa Arcade1Up walianza kuuza madukani Marekani makabati ya kuunganisha mwenyewe, ya robo tatu ya ukubwa wa asili, yakiwa na leseni za kampuni husika. Ukitazama jinsi walivyoigawa michezo, unaona kiwanda kikifuata njia ile ile ya gereji. Asteroids ilipewa kabati moja na Tempest, Major Havoc na Lunar Lander, lenye nobu na vitufe. Centipede ilikaa na Missile Command, Millipede na Crystal Castles, lenye mpira. Street Fighter ilipata vitufe sita na kioo chake. Lawama zilikuja kwenye vipimo: kwenye robo tatu ya upana, watu wazima wawili wanagusana mabega, na waliozoea Sanwa waliona jostiki za kiwandani ni laini mno. Kukazuka biashara ya vifaa vya kubadilishia, na paneli za juu zilizokatwa pana kuliko kabati lenyewe.

Defender, kwa bahati mbaya, iliwekwa kwenye kabati la Rampage, pamoja na Gauntlet na Joust, michezo ya jostiki isiyofanana nayo hata kidogo. Waliojifunza vitufe vile vitano mwaka 1981 waliiwasha, wakaicheza kidogo, wakaizima. Anayeitaka Defender ilivyokuwa bado anachukua ubao mpya, anapima jostiki ya juu na chini upande wa kushoto na kitufe cha kugeukia karibu nayo, kwenda mbele na kufyatua upande wa kulia, bomu na kutoroka mbali kidogo, na kushika keekee.